Homa imekwisha, mbona bado unayumba?

Joto limeshuka, hamu ya kula imerudi, asubuhi umeingia bafuni kunawa. Unajipaka sabuni usoni, unafumba macho, na papo hapo mwili unakwenda upande. Unadaka ukuta. Mafua yaliisha wiki iliyopita, sasa hiki ni nini?

Kumbe kufumba macho ndiko kulikofichua tatizo. Madaktari wana kipimo cha namna hiyo hiyo: simama wima, bana miguu pamoja, kisha fumba macho, huku mtu amesimama karibu akudake. Kinaitwa kwa jina la Moritz Romberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19, aliyeeleza jinsi wagonjwa walioharibika uti wa mgongo walivyopepesuka mara walipofumba macho.

Kusimama kunaonekana kazi ndogo, lakini ubongo hauachi kuifanya hata nukta moja. Hupokea habari kutoka kwa macho, kutoka kwa nyayo na viungo vya miguu, na kutoka sikio la ndani, ambako mna mifereji mitatu midogo iliyopinda, yenye majimaji yanayosogea kila kichwa kinapogeuka. Habari za upande mmoja zikiharibika, pande nyingine hufidia. Ndiyo maana mchana, macho wazi, unaweza kudhani umepona kabisa. Umeme ukikatika usiku, unajua hujapona.

Virusi huharibu wapi? Mara nyingi ni kwenye neva inayotoka sikio la ndani kwenda kwenye ubongo. Fikiria mtumbwi wenye wapiga makasia wawili, mmoja kila upande. Wakivuta sawa, unakwenda moja kwa moja. Mmoja akiacha, mtumbwi unazunguka. Masikio nayo hutuma ishara wakati wote, hata ukiwa umelala tuli. Neva ya upande mmoja ikivimba, ishara zake hupungua, na ubongo, ukiona upande mmoja umezidi, huamini kwamba kichwa kinageuka. Nyumba inazunguka, macho yanachezacheza yenyewe, unatapika. Makali hayo huchukua siku moja hadi tatu hivi, kisha kuyumba hubaki kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Kwa kawaida usikivu haudhuriki. Kirusi kinachoshukiwa zaidi ni kile kinachotoa malengelenge mdomoni, ambacho hujificha kwenye neva kwa miaka.

Hapa neno letu kizunguzungu linatuponza kidogo, kwa sababu tunalitumia pia kwa jambo jingine kabisa: macho kuingia giza unapoinuka. Hilo la pili si la sikio. Umelala siku nyingi, umetoka jasho, umekunywa kidogo, misuli ya miguu imelegea, basi ukisimama ghafla damu inabaki chini. Baada ya UVIKO-19 wengi wamelijua, pamoja na moyo kwenda mbio kila wanaposimama. Anayeswali hulihisi hasa anapoinuka kutoka kwenye sijda. Kwa hiyo ukienda kwa daktari usiseme tu “nina kizunguzungu”. Mweleze kama nyumba inazunguka au macho yanaingia giza, maana matibabu ni mbalimbali.

Chikungunya hupitia njia nyingine tena. Ugonjwa huu wa virusi, unaoenezwa na mbu, ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza mtu aliyepindika kwa maumivu. Vifundo vya miguu na magoti vinaweza kuuma miezi mingi baada ya homa kwisha, na kifundo kinachouma hakiaminiki kukubeba.

Sasa jambo ambalo natamani kila mgonjwa aambiwe mapema: baada ya siku zile za kwanza, kitanda hakikusaidii. Ubongo hujifunza upya kusawazisha ishara, na hujifunza kwa kusogea tu. Nchini Uingereza miaka ya 1940, madaktari Cawthorne na Cooksey walitunga mazoezi ya kazi hiyo, na msingi wake unatumika hadi leo. Kaza macho kwenye kidole gumba chako, kisha geuza kichwa taratibu kushoto na kulia. Tembea huku ukitazama pembeni, ukiwa na mtu wa kukushika. Yatakuletea kizunguzungu kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachoufundisha ubongo. Dawa za kutuliza kizunguzungu zinafaa siku chache za mwanzo, ukizizoea, zinauchelewesha.

Lakini ukishindwa kabisa kusimama, ulimi ukiwa mzito, ukaona vitu viwiliviwili, mkono au mguu wa upande mmoja ukalegea, au kichwa kikauma ghafla kwa nguvu, usilihesabu kuwa ni masalia ya mafua. Huenda ni kiharusi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Sikio likiziba usikivu ghafla, nalo halingoji.

Wapo ambao neva yao hairudi kamwe kama zamani, na bado wanapanda daladala, wanafanya kazi, hawaanguki. Ubongo umezoea kuegemea macho na miguu. Mwambie mtu kama huyo atembee ufukweni usiku usio na mbalamwezi, mchanga ukititia chini ya nyayo: hapo atakuomba mkono.