Umri ulioandikwa kwenye zawadi haupimi akili ya mtoto

Kila Desemba, kwenye vibanda vya vitu vya kuchezea katika soko la Kibuye hapa Kisumu, utasikia mzazi akisema: "Imeandikwa miaka mitatu, lakini wangu ni mwerevu, ataiweza." Wengi huamini umri ule ni kipimo cha akili. Sivyo. Ile alama ya uso wa mtoto uliokatwa mstari, yenye 0-3, huonya kwamba kuna vipande vidogo vinavyoweza kumkaba. Mtoto wa mwaka mmoja huchunguza kila kitu kwa mdomo, na uerevu haupanui koo lake.

Gurudumu la kigari likichomoka ukilivuta kwa vidole, kiache. Chochote kinachopita kwenye bomba la katikati la tishu ya choo ni kidogo mno kwa aliye chini ya miaka 3. La kutisha zaidi ni betri bapa, kama za saa, zilizomo kwenye midoli inayoimba: betri ikikwama kooni yaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Mtoto akimeza betri, mkimbize hospitali papo hapo, hata kama anaonekana mzima.

Wa miezi minane atafurahia mpira laini mkubwa au vikombe vya plastiki vya kupachikana. Wa miaka miwili, kigari cha kuvuta kwa kamba fupi. Wa miaka mitano, kalamu za rangi na daftari. Na kama ana mdogo wake nyumbani, shanga zake zikae juu ya kabati.