Interogasio ni ya mwalimu kwanza

Kila bulletini za kipindi, yaani ripoti za pointi za mtoto, zinapotoka hapa Lubumbashi, wazazi hujaa mbele ya ofisi za ukaguzi. Baba anafika na bulletini mkononi: "Inspekta, mtoto alikuwa na 72, leo ana 48, mwalimu anamchukia." Sisi wakaguzi tunamsikiliza kwa heshima, lakini tuseme wazi: inspekta haongezi pointi. Bulletini iliyofutwafutwa au kuandikwa juu ya maandishi haina thamani tena. Onyo hilo limechapwa kwenye karatasi ileile ambayo mzazi anaisaini, sijui kama anaisoma.

Halafu kuna hesabu. Kwa sekondari, somo lenye pointi 10 kwa kipindi lina 20 kwenye mtihani. Semesta moja ina vipindi viwili na mtihani, jumla 40. Mwaka mzima 80. Kipindi cha kwanza ni sehemu moja ya nane tu. Anayelia mwezi wa kumi na moja kwamba mwaka umepotea, na arudie hesabu hiyo.

Linalotusumbua sisi ni lingine. Wazazi wanauliza mtoto amepata ngapi, direkta (mkuu wa shule ya msingi) anauliza kama pointi zimeingizwa kwenye daftari, na karibu hakuna anayeuliza mwalimu alifanya nini kesho yake baada ya kusahihisha.

Chukua darasa la nne moja la Ruashi, hapa mjini. Interogasio, yaani jaribio fupi la darasani, ilikuwa 503 toa 278. Zaidi ya nusu ya watoto waliandika 375. Mwalimu mzoefu anaona mara moja jibu hilo limetoka wapi: 8 toa 3, 7 toa sifuri, 5 toa 2. Kila safu, mtoto anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. Hakubahatisha, ana kanuni yake, na kwa kanuni hiyo atakosea hivyohivyo mpaka darasa la sita. Karatasi zilirudi na misalaba myekundu na 2/10. Siku iliyofuata jurnali ya darasa, daftari la masomo ya kila siku, ilionyesha somo jipya: kugawanya. Fishi ya maandalizi, karatasi ya mpango wa somo, ilikuwa safi, tarehe zote sawa, saini ya direkta ipo.

Kabla ya kuandika pointi yoyote, karatasi hizo zilitakiwa kupangwa kwa mafungu kufuata kosa: waliopata, walioandika 375, waliopotea kwa njia nyingine. Asubuhi yake, dakika ishirini na vijiti vilivyofungwa kumi kumi na mia mia. Mtoto afungue fungu la mia kwa mikono yake, atoe mafungu ya kumi, afungue na moja kati ya hayo, ndipo ataelewa kwa nini sifuri ya katikati inageuka kuwa tisa. Kisha swali lingine la aina hiyohiyo, bila pointi.

Ndiyo, bila pointi. Najua walimu wengi wanaona mtoto hafanyi kazi isiyohesabiwa. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler, huko Israeli, alilinganisha wanafunzi waliorudishiwa kazi zenye maelezo peke yake, wenye alama peke yake, na wenye vyote viwili. Walioendelea vizuri ni wa maelezo peke yake. Hata wale waliopewa vyote viwili hawakufaidika na yale maelezo.

Walimu wanatujibu: darasa lina watoto themanini. Ni kweli. Tangu elimu ya msingi iwe bure Septemba 2019, benchi la watoto watatu linakaliwa na watano, na hatusemi kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini kujua kosa lililoenea hakuhitaji karatasi themanini. Chukua kumi, kutoka mabenchi ya mbele, ya katikati na ya nyuma.

Sasa direkta na prefe, mkuu wa shule ya sekondari. Kutembelea darasa kumegeuka ukaguzi wa makaratasi: fishi ipo, jurnali ipo, ubao umefutwa. Kaa benchi la nyuma, fungua daftari pamoja na mtoto, mwambie akueleze alivyopata jibu. Kwa madarasa ya kwanza muulize kwa Kiswahili, maana wako wanaojua kuhesabu vizuri wakahukumiwa wajinga kwa sababu swali lilikuja kwa Kifaransa. Ongea na mwalimu siku hiyohiyo, mkiwa wawili, kamwe si mbele ya wanafunzi. Na kikao cha walimu kisiishie kusoma barua za sous-division, ofisi ya elimu ya eneo. Wekeni mezani karatasi za interogasio moja mzijadili. Najua faili za DINACOPE, idara inayodhibiti mishahara ya walimu, zinakula muda wa direkta, na sehemu ya mzigo huo inatoka kwetu.

Kuhusu kuuza pointi, utaratibu ni huu. Mwalimu anaandikiwa barua ya kuombwa maelezo, anajibu kwa maandishi, shule inapeleka faili sous-division, faili inasomwa ndipo uamuzi utoke. Adhabu zinaanzia karipio, zinapanda hadi kukatwa sehemu ya mshahara, kusimamishwa kwa muda bila mshahara, na kufukuzwa kazi. Mzazi anayedhani hayo hayamhusu akumbuke kwamba sheria ya rushwa inamwadhibu anayetoa pamoja na anayepokea. "Nilimpa ya soda tu" hatuiandiki kama utetezi.

Mwenye lalamiko aanze kwa mwalimu mwenye darasa, na kopi, yaani karatasi ya majibu ya mtoto iliyosahihishwa, mkononi, aulize ni swali gani mtoto alikosa na lilifundishwa upya lini. Asiporidhika, aende kwa direkta au prefe, kisha kamati ya wazazi. Baada ya hapo aandike barua yenye jina la shule, darasa, somo na kipindi, aiambatanishe na ile kopi, aipeleke sous-division na kubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Anayekuja kwetu moja kwa moja bila kopi tutamrudisha shuleni.