Kondominiamu si aina ya ghorofa

Kondominiamu ni namna ya kumiliki jengo. Kila mtu ana hati ya sehemu yake, tuseme fleti namba saba ghorofa ya tatu, na papo hapo wote kwa pamoja wanamiliki vile visivyogawanyika: ngazi, paa, korido, kuta za nje, mabomba, uzio, tenki la maji, na kiwanja lilipojengwa jengo. Maana yenyewe imeishia hapo, haina ugomvi. Ugomvi uko kwenye jinsi tunavyolitumia neno hili hapa Arusha, na mwezi uliopita nililisikia likitumika kumfungia mtu mlango. Ndiyo maana naandika.

Jengo letu liko Sakina. Jumanne moja pampu iliungua, tenki la juu likakauka, na kufikia jioni watu walikuwa wanapanda ngazi na ndoo. Kwenye grupu la WhatsApp la jengo ukaja ujumbe wa kikao, Jumamosi saa kumi, wamiliki tu. Dada mmoja wa ghorofa ya pili, muuguzi, mpangaji wa mwaka wa nne, akaandika kwa adabu zote: "Samahani wakubwa zangu, na sisi wapangaji tunaweza kuja? Maji yanatuhusu." Akajibiwa: "Dada, hii ni kondominiamu, siyo nyumba ya kupanga." Akaandika "Sawa, asante," basi. Baadaye nilimkuta kwenye ngazi ana ndoo kila mkono, viatu kavivua na kuvibana kwapani asiteleze.

Sentensi ile aliyojibiwa ina makosa mawili. Moja dogo, jingine limenikaa rohoni.

Dogo ni hili la kudhani kondominiamu ni aina ya jengo. Madalali wetu wamelieneza. Ghorofa ikiwa mpya, ina marumaru na geti la umeme, ikiwa Njiro au njia ya Moshono, inaandikwa "kondominiamu inapangishwa". Ukiuliza hati, jengo zima ni la mzee mmoja na hati ni moja. Hizo ni fleti za kupanga, nzuri tu, hazina haja ya jina la kuazima. Jengo chakavu lisilo na lifti wala rangi ya maana linaweza kuwa kondominiamu kamili, mradi limegawanywa kisheria na kila mwenye sehemu ana hati yake. Na wale wanaolikata na kusema "kondo" nawaomba waliache, kwa sababu Kiswahili kina kondo lake la siku nyingi, la vita na la uzazi, na yote mawili hayahusiani na vyumba vya kulala.

Kosa kubwa ni kulitumia neno kama uzio. Hapa inabidi turudi lilikotoka.

Ni Kilatini. Mbele kuna "con", yaani pamoja. Nyuma kuna "dominium", yaani umiliki, lililotokana na "dominus", bwana, ambalo nalo ni ndugu wa "domus", nyumba. Ukiliunganisha unapata ubwana wa pamoja. Kabla halijaingia kwenye nyumba lilikuwa neno la watawala. Mwaka 1899 Uingereza na Misri ziliandikiana mkataba wa kuitawala Sudan kwa pamoja, na utawala ule uliitwa kondominiamu hadi Sudan ilipojitawala mwaka 1956. Visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo ni Vanuatu, vilitawaliwa hivyo na Uingereza na Ufaransa kuanzia 1906 hadi 1980: polisi wa namna mbili, sheria za namna mbili, kila mtawala na wake. Kwenye sheria hizo mwananchi wa Sudan au wa visiwa vile alikuwa hatajwi miongoni mwa mabwana. Labda harufu ile haijaliacha neno hadi leo. Kwenye nyumba lilishika kasi Marekani miaka ya 1960, baada ya Puerto Rico kutunga sheria yake mwaka 1958.

Kwa nini ilihitajika sheria maalumu? Kwa sababu kanuni ya zamani, tangu kwa Warumi, ni kwamba kilichojengwa kinafuata ardhi. Mwenye kiwanja ndiye mwenye nyumba. Sasa mtu wa ghorofa ya nne anamiliki nini, na chini yake kuna watu watatu? Sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1999 nayo inahesabu jengo lililoshikamana na ardhi kuwa sehemu ya ardhi. Ndiyo sababu mwaka 2008 Tanzania ikatunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Inaruhusu hati kwa kila sehemu, na inampa kila mwenye sehemu fungu lake katika vitu vya pamoja. Fungu hilo haliuziki peke yake. Huwezi kuuza fleti ukabaki na ngazi, wala kuuza ngazi ukabaki na fleti.

Kiswahili chetu kimelitafsiri lile neno la nyuma kwa "umiliki", na hili tulilipata kwa Waarabu. Mzizi wake ni ule ule uliotupa milki na mamlaka. Mmiliki na mamlaka ni watoto wa baba mmoja. Nadhani hapo ndipo watu wanapoteleza: mtu anapewa hati ya umiliki, sikio lake linasikia mamlaka. Neno la mbele, lile dogo la "pamoja", linadondoka njiani kama mzigo wa juu ya basi, na hakuna anayerudi kuliokota.

Tena umiliki wenyewe tuusome vizuri. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Tunachopewa ni haki ya kukaa juu ya ardhi kwa muda ulioandikwa, miaka 33, au 66, na isiyozidi 99. Na kila mwaka tunailipia. Malipo yale yanaitwaje? Kodi ya pango la ardhi. Pango! Neno lile lile analotajiwa muuguzi wa ghorofa ya pili anapodaiwa kodi ya miezi sita. Mimi nina hati, imo kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati, na nalipa pango.

Sisemi mpangaji na mmiliki ni kitu kimoja. Nilipanga miaka kumi na moja kabla ya kununua, najua tofauti. Mmiliki akifa watoto wanarithi, mpangaji akifa ndugu wanapewa siku za kutoa vyombo. Nataka tu tofauti ikae mahali pake.

Dharau hii ina mizizi mirefu kuliko sheria ya 2008. Kwetu ni Kibosho. Krismasi ya mwaka niliponunua nilipanda nyumbani kama kila mtu anavyopanda, tukakaa chini ya migomba, nikamweleza baba mkubwa kwamba sasa nina nyumba yangu Arusha, ghorofa ya tatu. Akauliza kiwanja kina ukubwa gani. Nikamwambia kiwanja ni cha wote. Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Mgomba utaupanda wapi?" Nikanyamaza. "Na ukifa?" Nikanyamaza tena. Akasema taratibu, bila ubaya, "Basi mwanangu umenunua hewa."

Mchaga aliyelelewa kwenye kihamba, penye kahawa na migomba ya babu na makaburi ya waliotangulia, hawezi kuita fleti nyumba kwa moyo mmoja. Mwenye kihamba anamwona mwenye fleti kama mtu anayeelea. Naye mwenye fleti, akirudi mjini na lile neno "hewa" kifuani, anatafuta wa kumshushia, na aliye karibu ni mpangaji. Nimejiona nikifanya hivyo, ndiyo maana nalisema.

Lakini nenda katikati ya mji, hapa Arusha au pale Moshi, uangalie yale majengo ya zamani yenye maduka chini na makazi juu. Mengi yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee wanayaita hadi leo nyumba za Msajili. Humo kuna wapangaji walioingia vijana, wakaozesha mabinti humo, wajukuu wanapanda ngazi zile zile. Wanajua bomba lipi huvuja masika. Kwenye majengo yetu mapya kuna wamiliki ambao hawajawahi kulala humo hata usiku mmoja. Fleti ni akiba, funguo ziko kwa dalali.

Na kuna jambo la LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Deni ni la mwenye jengo, sheria haijabadilika, ila anayenunua umeme ni aliyemo ndani. Dada yule amekuwa akinunua uniti, pesa inakatwa juu kwa juu, na hakuna mwenye hati aliyewahi kumrudishia. Kwa hesabu hiyo amelilipia jengo hili kodi ambayo baadhi yetu tunaotumia neno "wamiliki" hatujawahi kuigusa kwa mkono.

Kuhusu kikao chenyewe, aliyemjibu alikuwa na nusu ya haki. Chama cha jengo ni cha wenye sehemu, na kura inakwenda kwa mwenye hati. Kuamua kama tununue pampu mpya au tusuke injini ya zamani ni kazi yetu, na gharama ni yetu. Mpangaji hapigi kura. Ila sheria haikusema mpangaji asiketi, wala asiseme.

Jioni ile nilimpokea ndoo moja. Tulipofika mlangoni kwake akaniambia pampu ilikuwa ikinguruma usiku kucha tangu Jumapili. Yeye hurudi zamu ya usiku kabla hakujakucha, chumba chake kiko juu ya pampu, anaisikia. Kile kiboya kinachozima pampu tenki la chini likikauka kilikuwa kimekwama, ikawa inazunguka bila maji hadi ikaungua. Alitaka kuja kikaoni kusema hilo. Tulikuwa tumeshaanza kuchangishana pampu mpya, bila kugusa kiboya.

Kwa hiyo, kaka yangu wa ghorofa ya nne, najua hukuwa na nia mbaya, na mchango wa mwezi huwa unatoa wa kwanza. Siku nyingine mjibu hivi: "Dada, kura ni ya wenye hati, ila karibu Jumamosi utueleze."