Kujifunza udi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetaka kupiga udi, ala ya nyuzi ya taarab, huambiwa mengi kabla hata hajaupakata, na baadhi ya maneno hayo humpotezea miaka. Tumechagua yale yanayowakwamisha wengi zaidi.

Dhana: Anayejua gitaa atauweza udi kwa wiki chache

Vidole vitakuwa vimeshazoea nyuzi, hilo ni kweli. Lakini shingo ya gitaa ina vyuma vinavyokuonyesha kila sauti ilipo, na shingo ya udi ni ubao mtupu.

Chukua udi ambao nyuzi zake zina urefu wa sentimita 60. Kwenye uzi wa re, mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti) iko kama sentimita 3.4 kutoka mwanzo wa shingo, kule nyuzi zinakokazwa, na mi kamili iko kama sentimita 6.5. Maqamu, yaani mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, ya Rast ikianzia do haitaki hata moja kati ya hizo. Inataka mi iliyo katikati yao, karibu sentimita 5. Na hapo pia hakuna kipimo cha kukariri, kwa sababu mi ya Rast hupandishwa kidogo na ya maqamu ya Bayati hushushwa kidogo. Ukipanda juu ya shingo nafasi zinabanana. Ukifika oktavu ya pili zimebaki nusu ya zilivyokuwa chini.

Ndiyo maana stika za kubandika shingoni hazisaidii sana. Macho yanafanya kazi ya masikio, na mwanafunzi anainamia udi ili azione. Dawa yake ni kuimba nota kwanza, kisha kuitafuta kwa kidole. Halafu ijaribu kwa uzi ulio wazi: sol ya kwenye uzi wa re iko kama sentimita 15 kutoka mwanzo wa shingo. Ipige pamoja na uzi wazi wa sol. Ukisikia sauti inayumbayumba, sogeza kidole polepole mpaka myumbo ukome. Fanya hivyo kila siku kabla ya wimbo wowote. Zoezi hili linachosha kuliko yote, na ndilo linalompa mpiga udi sikio.

Dhana: Ufundi wote uko mkono wa kushoto

Watazamaji huangalia vidole, lakini sauti inazaliwa kwenye risha, kipande chembamba cha kupigia nyuzi. Risha hupita ndani ya ngumi iliyolegea na ncha yake hutokeza chini. Kiganja kinakunjika kidogo, na nguvu ya pigo la chini inatokana na uzito wa mkono kuanguka. Anayeibana risha kwa nguvu hupata sauti kavu yenye mkwaruzo, na mapigo ya haraka yanamshinda kwa sababu mkono mzima umekakamaa. Kwa wiki za mwanzo, tenga dakika 10 za nyuzi wazi tu: chini, juu, chini, juu, mpaka pigo la juu lisikike sawa na la chini.

Dhana: Bila saa 10,000 huwi fundi

Chanzo chake ni utafiti wa mwaka 1993 wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake kwa wapiga fidla wa Berlin. Saa hizo zilikuwa wastani wa mazoezi ya peke yao ya kundi bora kufikia umri wa miaka 20. Wengi wa kundi hilohilo walikuwa hawajazifikisha, na hakuna aliyezipima kama mstari wa kumalizia.

Kinachohesabika ni namna ya kufanya mazoezi. Kosa la kawaida ni kuipiga bashraf (kipande cha muziki wa ala bila kuimba) kutoka mwanzo kila unapokosea: sehemu ya kwanza inanyooka, na pale penye ugumu unarudia kosa lilelile mpaka mkono unalizoea. Kata vipande viwili vya mapigo vinavyokusumbua, weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, vipige mara tano bila kukosea, kisha ongeza 4. Ukikosea, rudi nyuma 8. Nusu saa ya namna hii kila siku inamshinda anayekaa saa nne Jumamosi.

Dhana: Vigingi vikiteleza, udi ni mbovu

Vigingi ni vile vijiti vya kukazia nyuzi, na hali ya hewa ya pwani huchezea mbao. Kigingi kinachokwama kipake sabuni kavu kidogo, kinachoteleza kipake chaki, na ukikaza sukuma kwa ndani. Usidharau jambo hili: udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na besi moja, na nyuzi za jozi moja zikipishana sauti hata kidogo utalaumu kidole chako bure.

Dhana: Maumivu ni dalili ya bidii

Ncha za vidole kuwasha mwanzoni ni kawaida. Maumivu ya kiwiko, kifundo cha mkono au ganzi si kawaida: simama, pumzika, kisha kagua unavyokaa.

Dhana: Nota za kuandikwa zinaua taarab

Karatasi inahifadhi bashraf ndefu na kukuwezesha kukaa na wenzako kwenye kundi. Isichoweza kukuonyesha ni ile mi ya Rast imepanda kiasi gani. Alama yake ni moja tu, na wapigaji hawaitafsiri sawasawa. Kwa hiyo sikiliza kipande mara kadhaa, kiimbe, kitafute kwenye nyuzi, na karatasi uifungue baadaye kuhakikisha ulichosikia.