Simu Haikusikilizi, Ila Usiiamini Sana

Kuna watu huitetea kampuni iliyotengeneza simu yao utadhani wana hisa ndani yake, na kuna wengine ambao kila hitilafu kwao ni njama. Wote hukosea, ila hao wa pili hunivutia zaidi, kwa sababu mara nyingi wana haki ya kushuku. Tatizo ni kwamba wanashuku pasipo penyewe.

"Simu inasikiliza maongezi yetu"

Hii ndiyo bingwa wao. Mtu anaongelea viatu vya kukimbilia mchana, jioni tangazo la viatu linamtokea, kesi imekwisha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walitoa matokeo ya kuchunguza programu zaidi ya 17,000 za Android. Hawakupata hata moja iliyowasha maikrofoni kwa siri na kutuma sauti. Walichokuta ni programu zilizokuwa zinarekodi skrini, yaani unavyogusa na kuandika ndani ya programu hizo, kisha kupeleka video hiyo kwa kampuni nyingine bila mtumiaji kuambiwa. Ajabu ni kwamba hilo la skrini, lililothibitishwa, halina umaarufu wa lile la maikrofoni.

Kurekodi sauti kutwa nzima kungekula chaji na data kiasi cha kujulikana. Isitoshe, tangu matoleo ya iOS 14 (mfumo wa iPhone) na Android 12, alama ndogo hutokea juu ya skrini maikrofoni ikiwashwa. Na kusema kweli, wauza matangazo hawana haja ya masikio. Wanajua tovuti ulizofungua, ulikokwenda, Wi-Fi uliyojiunga nayo na nani mwingine alikuwemo. Rafiki uliyeongea naye viatu huenda alishavitafuta yeye, na simu zenu zilikuwa pamoja. Halafu kuna matangazo chungu nzima ya vitu usivyovizungumzia kamwe. Hayo unayapita tu, huyakumbuki.

Atatokea wa kuuliza: mbona Apple ilikubali kulipa dola milioni 95 katika kesi ya Siri, msaidizi wa sauti wa iPhone? Madai yalikuwa kwamba Siri hujiwasha bila kuitwa na kurekodi maongezi ya faragha. Apple ilikana kosa. Lakini ilishajulikana tangu 2019 kwamba baadhi ya rekodi za Siri zilisikilizwa na wafanyakazi wa kandarasi waliokuwa wakikagua ubora wake. Kwa hiyo sauti ya mtu iliweza kufika kwenye masikio ya binadamu mwingine, ila kwa njia tofauti kabisa na inayosimuliwa.

"Apple, Google na Samsung ni maadui"

Kwenye matangazo, ndiyo. Kwenye vitabu vya hesabu, Google iliilipa Apple dola bilioni 20 mwaka 2022 ili Google ibaki kuwa injini ya utafutaji ya Safari, kivinjari cha Apple. Takwimu hiyo ilitoka kwenye nyaraka za kesi ambayo Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kuwa Google ilivunja sheria ya ukiritimba katika utafutaji. Mwenye iPhone anayejisifu kuwa ameikimbia Google anatafuta kila kitu kupitia Google, asipobadilisha mipangilio mwenyewe.

Fungua simu yenyewe uone. Vioo vya iPhone nyingi hutengenezwa na Samsung, sensa za kamera na Sony, chipu na TSMC ya Taiwan, ambayo nayo hutegemea mashine za ASML ya Uholanzi, kampuni pekee duniani inayounda mashine za kuchora chipu kwa EUV, mwanga usioonekana kwa macho unaochora mistari midogo mno. Mshabiki wa Apple anayedharau kioo cha Samsung huenda anakidharau akiwa amekishika.

Mengine nayapitia haraka. Megapikseli nyingi si picha bora: kamera ya megapikseli 200 ya Galaxy S23 Ultra ya Samsung kwa kawaida huunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya kama megapikseli 12, na hapo ukubwa wa sensa na programu ndivyo vinavyoamua. Kufunga programu zote kila dakika hakuokoi chaji. Kuifungua upya programu iliyozimwa kabisa mara nyingi hula zaidi. Kusubiri simu izime ndipo uichaji ni desturi ya betri za nikeli za zamani. Betri ya lithiamu huumizwa na hilo, kama inavyoumizwa na joto. Na hali fiche (Incognito) ya Chrome, kivinjari cha Google, huficha historia kwa anayeshika simu yako baada yako, lakini tovuti zinakuona kama kawaida. Google ilishtakiwa kwa hilo mwaka 2020, na 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu ilizokusanya.

"Sasisho limeharibu simu makusudi ninunue mpya"

Hapa wenye kushuku wana nusu ya ukweli, tena nusu nene. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya iPhone 6, 6s, SE na 7 zenye betri zilizochoka. Sababu iliyotoa ilikuwa ya kweli. Betri ya lithiamu ikizeeka, volti hushuka pale chipu inapohitaji umeme mwingi kwa ghafla, na simu huzima ilhali inaonyesha asilimia 30. Ni mzee aliyetwishwa gunia: kutembea anatembea, mzigo ndio haumudu. Kupunguza kasi kulizuia simu isizime hovyo.

Kosa lilikuwa kunyamaza. Aliyehitaji betri mpya tu akanunua simu nzima. Apple ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja, na huko Marekani ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 bila kukiri kosa. Samsung isicheke: mwaka 2018 Italia iliitoza faini ya euro milioni 5 kwa sasisho lililoilemea Galaxy Note 4.

Kwa hiyo simu ikianza kuganda, angalia kwanza hali ya betri. Kwenye iPhone iko kwenye mipangilio. Ikishuka chini ya asilimia 80, fikiria betri kabla ya kufikiria simu. Jambo linalostahili kweli kushukiwa ni muda wa masasisho ya usalama, kwani yakikoma, simu nzima inabaki wazi kwa wadukuzi. Google iliahidi miaka 7 kwa simu yake ya Pixel 8 mwaka 2023, na mwaka uliofuata Samsung ikaahidi hiyohiyo kwa Galaxy S24. Simu za bei ya chini kwa kawaida hupewa michache zaidi, na ni nadra muda huo kuandikwa kwenye boksi; utafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujalipa.