Lehemu na kadi ya bima: ya kijiweni na ya kweli

"Lehemu ni ugonjwa uliobuniwa ili dawa ziuzwe." Utaisikia Mwanjelwa, utaisikia Makambako, na ukweli wake ni nusu. Lehemu ni yale mafuta ya kwenye damu yaitwayo kolesteroli. Lipitor, dawa ya kushusha lehemu ya kampuni ya Pfizer, iliingiza mabilioni ya dola kabla hataza yake (haki ya kuitengeneza peke yake) haijaisha Marekani mwaka 2011. Baada ya hapo viwanda vingi vikaanza kutengeneza atorvastatini, dawa ileile iliyomo ndani ya Lipitor, na bei ikaporomoka. Anayetafuta faida ilikojificha leo atazame cheti cha dawa: daktari ameandika jina la dawa au jina la kiwanda? Kidonge cha miligramu 20 chenye jina kubwa na kile cha bei nafuu kilichosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, vina kiambato kimoja. Bima kwa kawaida hulipa bei iliyopangwa kwa jina la dawa. Likiandikwa la kiwanda, dirishani unaweza kuambiwa "hii haimo", au uongeze tofauti mfukoni. Mwombe daktari aandike jina la dawa.

Wengine wakikataliwa kipimo huamini bima imesema hawaumwi. Mara nyingi shida ni karatasi tu. Kipimo cha lehemu kisichoandikiwa ugonjwa husomeka kama kucheki afya, na bima nyingi hazilipii hilo. Kipimo hichohicho kwa mwenye kisukari au presha, kikiandikwa sababu yake, mara nyingi hupita. Hospitali inayolipwa kwa kila huduma huvutwa kuongeza vipimo, bima huvutwa kuvipunguza. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoanza kutumia kitita kipya (orodha ya huduma na bei zake) Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama kwa sababu ya bei. Anayebaki benchi ni mgonjwa. Kwa hiyo kabla hujatoka kwa daktari hakikisha fomu ina ugonjwa, dozi, idadi ya vidonge na saini.

Kwenye bima binafsi kuna ujanja mwingine: kuficha lehemu unapojiunga ili ulipe kidogo. Siku ya kiharusi wataomba faili lako, wakute majibu ya zamani, madai yakataliwe. Ukisema mapema huenda ukapandishiwa ada au kupewa muda wa kusubiri. Inauma, ila kadi inabaki hai.

Kupima kila mwezi? Hiyo ni faida ya maabara. Ukianza dawa au kubadili dozi, pima baada ya wiki 4 hadi 12. Ukishatulia, wengi hutosheka na mara moja kwa mwaka. Wala kuongeza dozi maradufu hakuleti nafuu maradufu: hushusha lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL, kwa takriban asilimia 6 zaidi.

Maneno "haina lehemu" kwenye chupa ya alizeti ni kweli, na ni biashara. Hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu ya kutajika, hata mawese ya Kyela. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda, na hayo ndiyo huifanya damu ibaki na LDL nyingi. Parachichi la Rungwe au Njombe halina shida hiyo; mafuta yake mengi ni ya aina nzuri.

Wembamba nao si kinga. Takriban mtu 1 kati ya 250 hurithi lehemu ya juu, hata akipanda milima kila siku. LDL ikifika 4.9 kwa vipimo vya milimoli (190 kwa miligramu), kwa kawaida dawa huanzishwa bila kusubiri dalili, na ndugu wa damu wapimwe.

"Imeshuka, naacha dawa." Imeshuka kwa sababu unaimeza, ini halijaacha kutengeneza lehemu, na ndani ya wiki chache namba hurudi. Kinachohitaji haraka ni maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi: acha kidonge na uende hospitali siku hiyohiyo. Na anayetumia ARV zenye ritonavir amwambie daktari kabla ya kuandikiwa simvastatini, dawa nyingine ya lehemu, maana hizo mbili hazichanganywi.