Grafini ya matabaka mawili, na kwa nini huoteshwa juu ya aloi

Grafini ni kaboni iliyojipanga katika tabaka lenye unene wa atomu moja tu, kila atomu ikishikana na jirani zake watatu hadi ukatokea wavu wa pembesita. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kwa kubandua grafiti, ile kaboni ya ndani ya penseli, kwa utepe wa gundi. Mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Matabaka mawili yakilaliana, umbali kati yake ukiwa nanomita 0.335, ndipo tunaposema grafini ya matabaka mawili.

Tabaka moja hupitisha umeme vizuri mno, ila halizimiki. Transista kazi yake ni kuwasha na kuzima mkondo, na grafini ya tabaka moja haina pengo la nishati (nishati ambayo elektroni lazima zipewe kabla hazijaanza kupitisha umeme) la kuuzuia. Matabaka mawili yakiwekwa kwenye uga wa umeme unaoyapita wima, pengo hufunguka. Mwaka 2009 watafiti wa Berkeley, Marekani, walilifikisha hadi elektronivolti 0.25 (elektronivolti ni kipimo cha nishati). Ni dogo mbele ya 1.1 ya silikoni, malighafi ya kawaida ya transista, lakini pengo la silikoni ni la kuzaliwa nalo, hili unaliongeza na kulipunguza utakavyo. Kwangu mimi hapo ndipo thamani yake ilipo.

Hayo yote yanategemea mpangilio uitwao AB: nusu ya atomu za juu zikae juu ya atomu za chini, nusu nyingine zikae juu ya vitovu vya pembesita. Tabaka moja likigeuka nyuzi chache tu, tabia hubadilika. (Wapo wanaoligeuza makusudi: mwaka 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, lilionyesha kwamba kwa nyuzi 1.1 hivi, kwenye baridi kali, umeme hupita bila ukinzani wowote.) Kwa hiyo grafini bora ya matabaka mawili ni ile yenye AB eneo zima, isiyo na viraka vya tabaka moja au matatu.

Kuipata kwa upana ndiyo kazi. Njia ya kawaida ni kupitisha gesi ya methani na hidrojeni juu ya karatasi nyembamba ya shaba ndani ya tanuru, kwenye nyuzi joto kama 1000 za Selisiasi. Shaba huvunja methani, kaboni inabaki juu. Lakini shaba karibu haiyeyushi kaboni kabisa, na uso wake ukishafunikwa hakuna tena cha kuivunja methani. Ukuaji unakoma kwenye tabaka moja. Nikeli ina shida ya kinyume: ikiwa moto humeza kaboni nyingi, kama chai ya moto inavyomeza sukari, na ikipoa huitema ovyo, hapa matabaka mawili, pale kumi.

Aloi ya shaba na nikeli, yaani metali hizo mbili zikichanganywa, inakaa katikati. Nikeli kidogo huiwezesha metali kupokea kaboni kwa kiasi, na kaboni hiyo hujenga tabaka la pili chini ya lile la kwanza, kati yake na metali. Kundi la Rodney Ruoff huko Ulsan, Korea Kusini, lilichapisha mwaka 2020 matokeo yanayoonyesha jinsi kipimo kinavyoamua: nikeli ya takriban asilimia 16.6 ya atomu ilitoa matabaka mawili, na takriban asilimia 20 ikatoa matatu.

Kipimo peke yake hakikutosha. Karatasi yao ya aloi ilikuwa kristali moja, yaani atomu zake zote zimepangwa kwa mwelekeo mmoja, uso wake ukiwa ule ambao wataalamu huuita 111, ambako atomu za metali zenyewe hujipanga kwa pembesita. Vipande vya grafini vinavyochipuka sehemu mbalimbali huelekea upande mmoja, hivyo vikikutana huungana bila mshono. Kwenye karatasi ya kawaida, yenye chembe za kristali zinazotazama kila upande, kila mpaka kati ya vipande ni mahali elektroni zinapotawanyika, na ubora hupotea hapo hata kama idadi ya matabaka ni sahihi.